Kamba ya Ma Nyangoma Kwenye Turubai la Chama

Jumapili, saa nane mchana, Ihembe. Mvua ya asubuhi imekatika, matope yamebaki, suruali yangu ya misa imeanikwa inadondosha maji, na mimi nimekaa mlangoni nimejifunga shuka, nina hasira za kutosha watu watatu.

Kabla ya yote niandike jambo moja ili dunia ijue. Mimi ndiye binadamu wa kwanza kuweka kumbukumbu kwa mafundo ya kamba. Kabla yangu kamba zilikuwa za kufungia mbuzi.

Ni uongo.

Binti yangu muuguzi, aliyeko Bukoba, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili nipunguze kumtumia sauti ndefu kwenye simu akiwa kazini. Majuzi akanitumia picha. Kamba moja nene imelazwa, na kutoka humo zinaning'inia kamba nyembamba nyingi, za rangi mbalimbali, zimejaa mafundo. Akaniandikia: "Baba, ona wenzako." Kumbe zamani sana, huko kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kulikuwa na watu walioendesha nchi nzima kwa kamba. Mafundo ya chini moja moja, ya juu yake makumi, juu zaidi mamia. Walihesabu watu, walihesabu mahindi ghalani, walihesabu wale wanyama wao wenye shingo ndefu. Walikuwa na wataalamu wa kufunga na kusoma, wanaheshimika, na hakuna aliyewaambia wakapimwe akili.

Kwa hiyo si mimi wa kwanza duniani. Na hata hapa Ihembe si mimi. Ni marehemu mke wangu, Paskazia. Mimi nilirithi tu, kama nilivyorithi sufuria zake.

Haya, nimeshakiri. Sasa niachwe nikasirike.

Sisi hapa tuna chama cha kuzikana. Mtu akifiwa, kila nyumba inatoka. Wanaume wanakwenda na majembe kuchimba. Wanawake wanaleta mikungu ya ndizi, wanachota maji, wanapika, wengine wanalala kwa mfiwa mpaka matanga yaishe. Nyumba isiyokwenda kwa wenzake, siku yake ikifika nayo haiendewi. Ni sheria ngumu lakini ni ya haki, mradi kumbukumbu ziwe sawa.

Na kumbukumbu zenyewe ndizo hizi. Jina linaitwa kaburini, kwa wenye majembe. Wakati huo wanawake wako jikoni, macho yamejaa moshi, na hakuna kalamu inayokwenda jikoni. Paskazia hakujua kusoma wala kuandika, ila alijua kukasirika. Akaanzisha zake. Kila nyumba akaisokotea kamba ya maganda makavu ya mgomba, akazitundika zote kwenye mti juu ya meko yetu. Mwanamke akija msibani na kurudi, fundo moja. Akileta mkungu, fundo la kuzungusha mara tatu. Akilala matanga, kitanzi kwa kila siku. Kati ya msiba na msiba nafasi ya kiganja, na aliyekosa anaachiwa nafasi mara mbili. Kamba ikiisha anaunga nyingine.

Alipofariki nikaendelea. Mimi ndiye mtunza vifaa wa chama: machela, masufuria, turubai, vyote viko kwangu. Nikaona kamba nazo ni vifaa. Kila baada ya msiba nilikwenda jikoni kwa wanawake na kuuliza nani kaleta nini. Walinicheka sana. Niliwaambia nimefuata nyama.

Mwaka jana tukapata Katibu mpya. Huyu bwana kwao ni Muleba, anauza mabati na misumari pale senta, ana miaka hamsini na kitu, kijana tu. Alikuja na daftari kubwa la jalada gumu, na mistari amepiga kwa rula. Akanakili orodha ya zamani yenye majina ya wenye nyumba, basi kazi ikaanza. Kwa rula nampa heshima yake. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililikaa mara mbili, sikuwahi kupiga mstari ukanyooka.

Lakini sikiliza alichofanya na rula yake.

Jirani yangu Ma Nyangoma ni mjane. Mume wake, Laurian, tulimzika kabla ya daftari kununuliwa. Nyumbani kwake wamebaki yeye na mama mkwe wake, bibi kizee ambaye tangu mwezi jana hali uji bila kushikwa kichwa. Padri ameshampa mpako wa wagonjwa. Tunasubiri, hakuna anayesema.

Jumatano Ma Nyangoma aliletewa barua ya chama, yenye mhuri. Nyumba ya Laurian imefutwa. Sababu: mwenye nyumba hakuhudhuria mazishi saba mfululizo, na hakutoa taarifa.

Laurian hakuhudhuria.

Marehemu! Kila msiba Katibu anasimama kaburini na daftari, anaita "Laurian!", kimya, anaweka alama ya mkasi. Mara saba! Na waliosimama pale na majembe, watu wazima waliomwaga udongo juu ya Laurian kwa mikono yao, hakuna aliyefungua mdomo. Nilipowauliza walisema walidhani Katibu anajua anachofanya, maana alikuwa anaandika. Na mimi? Wakati jina linaitwa mimi huwa nyuma nahesabu majembe yasiibiwe. Huo ndio utetezi wangu, na hata mimi hauniridhishi.

Ma Nyangoma alikuja hapa mlangoni na barua yake. Hakulia. Alisimama kwenye mvua kana kwamba haruhusiwi kuingia.

"Shemeji," akasema, "bibi akifa nitamchimbia na nani? Nichimbe mwenyewe?"

Nikamwambia asihangaike, kamba yake ipo juu ya meko, ni ndefu kuliko zote, Jumapili tutaiweka mbele ya mkutano na Katibu ataona haya. Nilijipiga kifua kabisa. Akaenda. Nikaingia jikoni.

Kamba haikuwepo.

Kamba za nyumba zote zipo, zimening'inia. Yake hakuna. Nilimshuku panya. Nilimshuku mke wa mwanangu, ambaye hufunga ndizi kwenye majani kabla ya kuzipika na hachagui kamba, na nilimsemesha maneno ambayo bado hajanisamehe. Nilipekua mpaka kwenye banda la kuku. Alhamisi Ma Nyangoma akauliza ng'ambo ya uzio, "Shemeji, ipo?" Nikasema ipo. Ijumaa nikasema ipo. Jana nikasema ipo, imelala kama mtoto.

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingi wa kuchekesha. Huu haukuchekesha. Usiku nilimsikia bibi anakohoa nikawa namwombea asife kabla ya Jumapili, halafu nikaogopa Jumapili yenyewe.

Basi leo, baada ya misa, mkutano. Uwanjani kwa Mwenyekiti, chini ya turubai la chama. Mvua inapiga, turubai limebeba maji katikati mpaka limeshuka kama kitambi. Ma Nyangoma amekaa kwenye mkeka mbele, ananiangalia mimi. Mimi naangalia juu, maana sikuwa na pa kuangalia.

Na huko juu, kwenye kona, nikakiona kifungo.

Kila kamba ya Paskazia ilikuwa na alama yake kichwani. Yetu ina punje ya kahawa. Ya Ma Nyangoma ina kifungo cha koti la Laurian, cha kahawia, chenye matundu manne, moja limepasuka. Kifungo hicho kilikuwa kimekaa kwenye tundu la turubai, kinazuia kamba isichomoke. Kamba yenyewe imezungushwa kwenye nguzo, imenyooka, haina fundo hata moja.

Nikauliza kwa adabu zote nilizobakiza, nani amefunga kona ile.

Katibu akajibu bila hata kuinua kichwa. "Mimi, mzee. Nilikuja kuchukua turubai Jumanne ukiwa kliniki ya magoti. Nikaona hizo kamba zako, nikachukua ndefu. Ilikuwa imejifungafunga hovyo, imenichukua saa nzima kuinyoosha."

Saa nzima!

Naomba msomaji usimame hapo kidogo na mimi. Alitaka kamba ndefu. Na kwa nini ilikuwa ndefu kuliko zote? Kwa sababu ndiyo ya mwanamke aliyekuja misibani kuliko wote. Mtu amekaa kwenye kigoda changu, jikoni kwangu, akafungua kwa kucha zake msiba mmoja baada ya mwingine, mkungu baada ya mkungu, halafu akatembea mpaka kwenye daftari lake akamfuta mwenyewe kwa kutohudhuria. Binti yangu alinieleza kwamba kule Andes, walipofika wageni kutoka ng'ambo, kamba nyingi zilichomwa moto. Nilipoisoma habari ile nilisema washenzi hao. Lakini wale angalau walijua ni maandishi, ndiyo maana wakayaogopa. Huyu wa kwetu aliona kamba chafu.

Na leo wasomi wanakaa na vioo vya kukuzia wanajaribu kusoma mafundo ya watu waliokufa zamani, mengine yamewashinda mpaka leo. Hapa kuna msomaji yuko hai, ana meno manane, amekaa mstari wa pili, na hakuna aliyemwuliza.

Nikaenda kwenye nguzo nikaifungua kamba.

Sikukusudia yaliyofuata. Sawa, nilikusudia kidogo. Kona ilianguka, kitambi chote cha maji kikamwagikia mezani kwa Katibu. Aliruka na daftari kifuani kama mama anayeokoa mtoto. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye matope. Na mimi nililowa, ndiyo maana suruali iko pale.

"Mzee, hii ni dharau!" Katibu akafoka, maji yanamtiririka puani. "Umevunja mkutano kwa ajili ya kamba?"

"Nimeleta daftari la pili," nikamwambia. "La kwanza naona limenusurika."

Akaishika ile kamba, akaiinua watu waione. "Daftari? Liko wapi fundo hapa? Soma basi, babu. Ukisoma hata msiba mmoja ukawa sawa na watu wanavyoujua, mafundo yote nitayafunga tena mimi, kwa vidole vyangu, mbele ya mkeo huko aliko."

Kumtaja Paskazia ndiko kulikonifanya niache utani.

Nikaichukua kwake, nikaipangusa. Hata mimi, nakiri, nilidhani imekwisha. Halafu nikaona. Kamba ilikaa juu ya meko miaka mingi, imeiva kwa masizi, nyeusi kama sufuria. Lakini moshi hauingii ndani ya fundo. Kila palipokuwa na fundo pamebaki peupe. Fundo moja, doa fupi. Fundo la mkungu, doa refu, limejipinda kama mkia wa nguruwe. Kitanzi, madoa mawili yenye weusi kati yake. Alifungua mafundo yote, na yote bado yapo.

Nikaanzia mwisho, msiba wa karibuni zaidi. "Msiba wa mama yake Deo. Doa refu, kisha madoa ya vitanzi viwili. Alileta mkungu na akalala."

Deo, fundi baiskeli, alikuwa amekaa nyuma. Akasimama. "Ni kweli. Alilala siku mbili. Alimwogesha mama."

"Na kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Sikuulizwa, Ta Kato."

Nikaendelea. Msiba wa pili, mkungu. Mfiwa akaitikia. Msiba wa tatu, mkungu na kulala. Mfiwa akaitikia. Wa nne nikakuta weusi mtupu, viganja viwili. Nilisita. Ningeweza kuuruka, nani angejua? Katibu alikuwa ananikodolea macho kama kuku aliyeona nzige. Nikasema ukweli: "Wa nne hakuja."

Ma Nyangoma akapiga paja. "Sikuja, ndiyo! Nilikuwa Isingiro, dada yangu alikuwa mgonjwa. Waitu, jamani, hata hilo limo?"

"Limo. Na wa tano ni doa fupi. Ulikuja mikono mitupu ukarudi."

"Ndizi zilikuwa changa!" akajibu kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye ninayemshtaki, na watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kingine. Nadhani ni hapo walipoamini. Kamba ingekuwa ya kubuni isingemsema vibaya mwenyewe.

Wa sita, wa saba, wafiwa wakasimama. Sita kati ya saba. Katibu mwenyewe, wanaume wakaanza kumwuliza kwa sauti, kwenye hiyo misiba saba wewe ulikwenda na jembe au na kalamu? Daftari halina mstari wake.

"Endelea, Ta Kato," mwanamke mmoja akaniambia. "Soma mpaka juu."

Nikaendelea kupanda. Ma Nyangoma alikuja, alileta, alilala. Halafu nikafika mahali mikono inapobadilika. Mimi nafunga kwa mkono wa kulia, Paskazia alikuwa wa shoto, mafundo yake yalipindia upande wake na madoa yake yanapinda hivyohivyo. Pale mkono wake unapokoma na wangu kuanza kuna msiba mmoja, wake mwenyewe. Doa refu, kisha vitanzi vinne. Ni fundo langu la kwanza, baya, limezungushwa hovyo.

Alilala kwangu siku nne. Sikumbuki hata kama nilimshukuru.

Huo sikuusoma. Nikasema macho yamechoka.

Mwenyekiti akasimama, akasema neno fupi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Jina la Laurian litolewe, marehemu apumzike. Mstari uandikwe Nyangoma. Bibi akituacha, nyumba zote zinatoka, na Katibu atakuja na jembe. Wanaotaka wasimame. Walisimama wote, hata waliokuwa wamekaa kwenye matope.

Katibu akaandika. Daftari lilikuwa limelowa, kalamu ikachana karatasi. Akasema atalifanyia kazi suala la kumbukumbu za jikoni. Nilimsikia vizuri, alisema "kumbukumbu." Wiki iliyopita zilikuwa takataka.

Sasa nimerudi. Ma Nyangoma amepita na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ameniwekea hapa mlangoni. Nikamwambia ukweli, kwamba siku tatu nilimdanganya, kamba ilikuwa haipo. Akaniambia alijua. Alichungulia jikoni kwangu Alhamisi. Alikuwa anangoja aone nitadanganya mpaka lini.

Basi hasira zangu zote bado ninazo na sijui nizipeleke wapi. Naziona zile kamba nyingine juu ya meko na najiuliza, nikiondoka mimi, nani atakayejua kwamba si za kufungia mbuzi? Wanangu wana simu. Wanawake wenyewe wanasema, "Wewe si upo?"

Najua Katibu unausoma ukurasa huu. Deo ameniambia huwa unausoma kwa siri ukiwa dukani, unatafuta nilikokutaja. Leo umetajwa vya kutosha.

Kamba ya Ma Nyangoma nimeitundika ikauke. Usiiogope, madoa yatakuonyesha pa kufunga, na palipo na shaka nitakuelekeza kwa fimbo. Ningefunga mwenyewe, lakini vidole vyangu havikunjiki tena, yale ya mkungu huanza vizuri yakaniponyoka. Uliahidi mbele ya watu wote na hakuna aliyekulazimisha. Njoo Jumanne asubuhi kabla ya kufungua duka, kigoda kile unakijua, ulishakikalia. Lile moja lenye vitanzi vinne nitalifunga mimi, hata likinichukua mpaka jioni. Hayo mengine yote ni yako.

Na uje na vidole vikavu, Katibu. Vya juzi vilikuwa na mafuta ya misumari.